Siku Mlambadole Alipokuja Darasani

Tak! Kifuniko cha kibati cha wino kikifunguka. Ni sauti ndogo tu, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti, lakini mpaka leo nikipita ofisi yoyote yenye karani na muhuri nikaisikia, masikio yanapata moto na mikono yangu miwili inataka kwenda kujificha kwapani. Nasema mapema ili msije mkanicheka katikati: ni aibu, na ni aibu yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. (Shangazi anasema nilisukumwa na shetani. Shangazi, nakuheshimu, lakini shetani wa siku ile nilimtunga mimi, kwa penseli.)

Ilikuwa mwaka juzi, wakati wa kisomo, kila mtaa una darasa lake la watu wazima na anayejua kusoma anatakiwa kumfundisha asiyejua. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa nakaa kwa shangazi hapa Kariakoo, namsaidia kupika na kufua, na muda unaobaki najifungia na daftari langu la mazimwi. Tangu darasa la nne nayatunga. Lipo lenye meno mgongoni, lipo linalolala ndani ya mtungi, lipo moja linanuka karafuu na watu wanalifuata wenyewe. Na niwaambie siri ya kazi hii: kutunga zimwi ni rahisi, mtu yeyote akiumwa malaria anaweza. Shughuli iko kwenye kinga, yaani kile kitu ambacho mtu wa kwenye hadithi atakifanya ili zimwi lishindwe kumfikia. Zimwi lisilo na kinga siyo hadithi, ni msiba. Na kinga ikiwa rahisi mno, siyo zimwi tena, ni nzi.

Basi balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mfaume, akanikuta siku moja nimekaa barazani.

"Tatu, mbona unakaa bure?"

"Shikamoo mzee. Sikai bure, naandika."

"Marahaba. Basi kawaandikie na wenzako ubaoni."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu, ndugu zangu, kwa kujibu. Darasa lilikuwa kwenye chumba cha shule ya msingi, saa kumi jioni, mara tatu kwa wiki, watu wazima na magoti yao wamejibana kwenye madawati ya watoto. Na kitabu tulichopewa kilikuwa cha kilimo cha pamba. Pamba! Pale kuna wachukuzi wa sokoni, wauza vitumbua, mafundi viatu, na pamba pekee waliyoijua ni ile ya kuziba masikio. Tulianza watu thelathini na kitu, baada ya miezi miwili tukabaki tisa, na kati ya hao tisa mmoja alikuwa anakuja kulala.

Mzee Mfaume akaja kuchungulia, akahesabu vichwa, akakunja uso. "Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi ujao. Akikuta hamfiki ishirini, darasa linafungwa na huo ubao unahamishiwa mtaa mwingine."

Jioni ile Bi Shani alibaki nyuma. Huyu ni mama wa vitumbua wa kona yetu, mnene, mcheshi, sauti yake inasikika mpaka Msimbazi. Ana mtoto mmoja wa kiume, yuko kijijini huko kusini, anamwandikia barua, na barua zote alikuwa anasomewa na mwenye duka, ambaye ni mtu mwema ila ulimi wake hauna mlango. Bi Shani akifika nyumbani na barua mkononi, majirani wameshajua kwamba mkwe ni mjamzito na wanampa pole ya kichefuchefu.

"Mwalimu," akaniambia, na siku hiyo sauti aliipunguza, "mimi nataka barua moja. Moja tu, niisome mimi wa kwanza, wengine waje kusikia kwangu. Hawa watatufunga kweli?"

"Hawatufungi, Bi Shani."

Nikaahidi hivyo, sina hata sababu. Ila moyo wangu ndivyo ulivyo, mtu akinipunguzia sauti naahidi.

Uamuzi wenyewe, ule mdogo ulionifikisha kwenye aibu, ulikuwa huu: kesho yake nilikifunga kile kitabu cha pamba, nikaketi juu ya meza (mwalimu mzima), nikawaambia, "Leo nawasimulia. Kuna watu wamo ndani ya nyumba, jua linazama, na nje kuna zimwi linakwaruza mlango. Watafanya nini?"

Yule aliyekuwa amelala akainua kichwa.

"Chumvi!" akasema Bi Shani. "Wamwage chumvi kizingitini."

"Chumvi ipi?" Huyo ni Chilumba, mchukuzi wa mkokoteni, mtu wa Masasi, bega lake moja ni sawa na mabega yangu mawili. "Wiki ya tatu hii duka la ushirika halina chumvi. Hilo zimwi litatukuta wote kwenye foleni, lituchukue kwa mstari, bila hata kusumbuka."

"Basi wachome pilipili."

"Na mtoto mchanga je, naye umfukize?"

"Ubani!"

"Ubani tunachoma kanisani kila Jumapili," akasema Chilumba, "na jirani yangu mwenye shetani anakaa benchi la mbele."

Mwingine akasema wachukue panga wamalize maneno. Hapo mimi mwenyewe nikakataa, kwa sababu siwezi kuua, hata zimwi. Siku ya Idd kuku akichinjwa mimi naenda kusimama kwa jirani mpaka kishindo kiishe. Tukabishana mpaka giza likaanza kuingia, hakuna aliyeuliza saa, na wakati wa kutoka wakaniuliza, "Sasa mwalimu, kinga ni nini?" Nikawaambia waje kesho kutwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa sina.

Nikahangaika na hiyo kinga siku mbili. Nilitaka kitu ambacho maskini anacho, kisichopangiwa foleni, kisichomwaga damu, lakini pia kimgharimu mtu kidogo, maana kinga isiyogharimu haina utamu. Kuosha vyombo nawaza, kuchambua mchele nawaza. (Siku hiyo tulikula mawe, shangazi anayakumbuka.) Halafu asubuhi ya siku ya pili nikapita kwenye ghala moja upande wa Mchafukoge, nikamwona Chilumba anapokea mzigo. Karani kamsogezea kitabu, Chilumba kachovya dole gumba kwenye wino, kagandamiza, kisha akajifuta kwenye suruali huku anaangalia pembeni, jitu linalobeba gunia zima la mchele kichwani, linaangalia pembeni kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Nikasimama pale barabarani na kikapu changu. Nikajua zimwi langu linataka nini. Na ukishajua zimwi linataka nini, kinga umeshaipata nusu.

Jioni nikawasimulia: zimwi hili linaitwa Mlambadole. Halili nyama, halinywi damu. Linalamba dole gumba la mtu mpaka linabaki laini kama yai lililomenywa, na mtu huyo anasahau njia ya kwao. Linawataka wale tu wanaotia dole. Lakini mtu aliyeandika jina lake mlangoni, kwa mkono wake mwenyewe, Mlambadole akilifikia jina lile anasimama, analisoma, anainamisha kichwa na kwenda zake. Hafi. Anakwenda tu.

Bi Shani akanyanyuka, tumbo likikwama kwenye dawati na dawati likinyanyuka naye, akasema, "Nipe chaki."

Jamani, siku zile! Chaki za mwezi ziliisha kwa siku nne. Tisa wakawa kumi na watano, wakaja na wake zao, wakaja na mashemeji, tukafika thelathini na wanne na wengine wamesimama. Chilumba alikuwa anashika chaki kama anashika tezo, anaivunja, anaomba radhi, anaanza upya, na siku alipolimaliza jina lake, herufi zote nane zimesimama wima, alirudi nyuma hatua tatu akaliangalia akasema polepole, "Kumbe ni refu hivi." Mimi nikajifanya natafuta kifutio.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini wanafunzi wangu walikuwa watu wazima, na mtu mzima ukimpa kinga anataka kujua inavyofanya kazi.

"Mwalimu," akauliza Chilumba, "mimi nikikutwa njiani na mkokoteni, mlango nautoa wapi?"

Swali la haki. Nikajibu, "Basi unaandika kwenye kitu chochote kilicho karibu, papo hapo."

"Na tutamjuaje?" akauliza Bi Shani. "Ana pembe?"

Pembe kila zimwi linazo, nikaona ni uvivu. Nikakumbuka bwana mmoja niliyemwona anasubiri kuvuka barabara, kapendeza vibaya sana: suti ya kijivu ya mikono mifupi, ile ya mifuko minne, imepigwa pasi mpaka ukingo wa suruali ungekata mkate, kalamu tatu kifuani na mkoba mweusi. Nikamvua bwana yule nguo zake zote nikamvalisha Mlambadole. Nikasema anakuja mchana kweupe, ana adabu, anatabasamu, na neno lake ni moja tu: "Naomba dole lako hapa." Na ukilisikia neno hilo unaficha madole yako kwapani, upesi, unajibu kwa sauti: "Sina dole, nina jina!"

Hiyo ikawa ndiyo kufunga darasa kwetu. Kila jioni nasimama mlangoni najivuta vuta nguo kama bwana mkubwa, nasema, "Naomba dole lako hapa," na watu thelathini na wanne wanaingiza mikono kwapani na kunguruma, "Sina dole, nina jina!" Watoto wa mtaa walikuwa wananing'inia madirishani kutusikiliza, na mnajua wenyewe kitu kikishafika kwa mtoto wa Kariakoo. Wiki haikuisha, mtaa mzima umejaa majina ya mkaa. Milangoni, kwenye mikokoteni, kwenye meza za samaki, kwenye ukuta wa msikiti mtu kaandika MUSA na mtu mwingine chini yake kaandika FUTA. Mzee Mfaume alikuwa ametoka kupaka mlango wake rangi ya bluu. Akaniita.

"Tatu, huyu Mwajuma ni nani, na mlangoni kwangu ana shida gani?"

Nikaangalia. Kuna MWAJUMA, chini yake MWAJUMA tena, na la tatu limeishia MWAJ, nadhani alisikia mlango unafunguliwa.

"Ni mazoezi, mzee."

"Mazoezi?"

"Ya nyumbani."

Akaliangalia jina lile, akashusha pumzi. "Haya. Lakini mwambie nyumbani ni kwake, siyo kwangu."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wa bluu, mbele yangu. Sikusema, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku tatu na darasa langu limejaa na sikutaka kuligusa, kama mtu aliyepanga mayai.

Siku ikafika. Niliazima gauni la shangazi, nikabana nywele, nikapanga watu: wafupi mbele, Chilumba nyuma asije akaziba ubao. Sauti ya Mzee Mfaume ikasikika nje, "Karibu ndugu, karibu, ndiyo humu." Na mlangoni akaingia mtu mwenye suti ya kijivu ya mikono mifupi. Mifuko minne. Mkoba mweusi. Nikahesabu kalamu kifuani, naapa nilizihesabu, zilikuwa tatu.

Sijui kama ni bwana yule yule wa barabarani. Nadhani nguo kama zile zinauzwa mahali pamoja. Lakini darasani mtu mmoja alianza kukohoa, akaacha katikati.

Na masikini alikuwa mtu mzuri! Jasho linamtoka, kachoka, katembea kwa miguu madarasa manne tangu mchana. Akatabasamu (nilitamani asitabasamu). Akatusalimu, akahesabu vichwa, akasema, "Hongereni sana, ndugu zangu, sijaona darasa lililojaa namna hii." Bi Shani akaniangalia kwa furaha, nami nikamwangalia, na kwa dakika moja hivi nilidhani tumepona. Kisha ndugu mkaguzi akaweka mkoba mezani, akatoa fomu, fomu za zamani zenye nafasi ya alama ya dole la mwanafunzi, akatoa kibati.

Tak!

"Sasa mmoja mmoja," akasema kwa upole, "naomba dole lako hapa."

Nimewahi kusikia kimya, lakini siyo kile. Kilikaa kama kitumbua kwenye mafuta, kisha kikageuka: "SINA DOLE, NINA JINA!" Watu thelathini na wanne, mikono kwapani, madawati yanaburuzwa. Wengine walikuwa wanacheka, nasema ukweli, waliona ni mchezo wetu wa kila siku na wakafurahi kuuonyesha kwa mgeni. Lakini wengine hawakucheka hata kidogo. Dirishani mtoto akapiga ukelele, "Amekuja! Mlambadole amekuja, yumo darasani!" na miguu ikatawanyika barabarani, na mtaa ukaanza kumiminika, mwenye mwiko na mwiko, mwenye mchi na mchi.

"Nini? Nini hiki?" akasema mkaguzi, akirudi nyuma.

Akarudi nyuma kumwelekea Chilumba, ambaye umati ulishamsukuma mpaka karibu na ubao. Na Chilumba, mwanafunzi wangu hodari, mtu anayeshika kanuni, alikuwa hana mlango na hana mkokoteni. Kitu kilichokuwa karibu naye kilikuwa mgongo wa suti ya kijivu. Akaandika. Kwa chaki, kutoka bega hadi bega, hakuruka hata herufi moja: CHILUMBA. Bi Shani naye keshaufikia mkoba. Wengine wamezivamia fomu mezani, wanaandika, wanasukumana, "Ngoja, sijamaliza, nimebakiza A!"

Mzee Mfaume akapenya kwenye umati, kofia imekwenda upande. "Kimya! Kimyaaa! Tatu! Ni nini hiki?"

Na ndugu mkaguzi, amejibana kwenye ubao, akageuka kuniangalia mimi, mwalimu, mtu pekee aliyeweza kumsaidia, akaniuliza kwa sauti ya mshangao mtupu, "Na wewe?"

Ndipo nikajiangalia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwapani.

Mimi! Niliyemtunga! Niliyemvalisha zile nguo mwenyewe! Niliitoa, nikaona aibu, sikujua niiweke wapi, nikaishika nyuma. Chumba kimejaa, madirisha yamejaa, shangazi yuko mlangoni na mwiko wa ugali, na mkaguzi anafungua kinywa, nami nilijua anachotaka kusema: darasa hili nimelifunga. Bi Shani alikuwa amesimama kando ya mkoba na kipande chake cha chaki. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ananiangalia kama ile jioni aliyopunguza sauti.

Nikapanda juu ya meza. "Hakuna Mlambadole," nikasema. Hawakusikia, nikarudia kwa kelele. "Hakuna Mlambadole! Hayupo, hajawahi kuwepo. Nimemtunga mimi. Ndugu mkaguzi siyo zimwi, ni mkaguzi. Watu walikuwa wanakimbia pamba, nikatunga zimwi ili warudi. Kosa ni langu, wao wasifungiwe."

Loo! Kelele zilizofuata zingesikika mpaka baharini. "Mwalimu wa mazimwi!" mtu akapiga kelele dirishani. "Mimi nimeharibu mlango wangu bure!" "Wako? Wewe umeharibu wa balozi!" Na shangazi, juu ya wote: "Ndiyo maana tulikula mawe! Ndiyo maana!"

Mkaguzi alinyoosha mkono mpaka wakatulia. "Kwa hiyo," akasema, "umewafundisha watu uongo."

Bi Shani ndiye aliyemjibu.

"Zimwi ni la uongo, sawa," akasema. "Jina langu je? Nalo la uongo? Hebu lisome hapo."

Mkaguzi akauangalia mkoba wake. SHANI, ile S imegeuka upande, lakini SHANI. Akaokota fomu sakafuni, moja, ya pili, ya tatu, na mahali pote palipotakiwa dole palikuwa na jina, mengine yamepanda kilima, mengine yamemwagikia kwa jirani. Alizisoma zote. Kimya kimya, midomo ikicheza. Halafu akavua koti lake taratibu, akaligeuza, akalinyoosha mbele yake kama mtu anayenunua kanga.

"Chilumba ni nani?"

"Mimi, ndugu. Nisamehe. Nitalifua mwenyewe."

"Umejifunza lini kuandika?"

"Wiki ya nne hii."

Mkaguzi akakaa kwenye kidawati cha mtoto. Akaweka koti mapajani, Mzee Mfaume akaagiza maji. Mwisho akasema darasa litaendelea. Hakusema kwa kutabasamu, msije mkadhani alinikumbatia. Alisema nirudi kwenye kitabu cha pamba, alisema nitafute muda wa kuomba radhi mtaa mzima, na Mzee Mfaume akaongeza hapo hapo kwamba kuanzia asubuhi nifute majina yote kwenye milango, nikianzia ule wa bluu. Na kibati chake mkaguzi akakifunga pole pole sana, akitutazama, na hakuna aliyecheka mpaka alipofika nje. (Koti alilivaa. Jina likiwa mgongoni. Mpaka leo sijui alisahau au hakusahau.)

Asubuhi nikatoka na ndoo na makumbi ya nazi. Mnajua kusugua mkaa kwenye mlango wa mbao huku watu wanapita kwenda sokoni? "Mwalimu, na mgongo wangu unawasha, nisugue!" "Mwalimu, zimwi la leo linavaa nini, nisije nikavaa kama lake?" Nilicheka nao, ningefanyaje. Na wengine walinikatalia kabisa. Mama mmoja alisimama mbele ya mlango wake na mikono kiunoni: "La kwangu liache. Ndiyo kwanza nimejua kuliandika."

Mlango wa mwisho wa mtaa ulikuwa hauna kitu. Msafi, na umefungwa, na mchana mtaani kwetu watu hawafungi. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Tatu, wa darasani."

"Yule mwenye wino keshaondoka?"

Ni Bi Kidawa, bibi mzee sana, anaishi peke yake, mikono yake imepata ugonjwa wa kutetemeka, kikombe cha kahawa hakifiki mdomoni bila kumwagika nusu. Akanifungulia kidogo tu, jicho moja. Watoto walimwambia habari za Mlambadole. Siku tatu alikuwa hajatoka, hata maji hajateka, anakula mkate mkavu.

"Ningejifunza," akaniambia, "lakini kwa mkono huu, mpaka nimalize K, si keshamaliza mtaa wote?"

Nilikaa pale kizingitini na ndoo yangu, nikamwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika sikio akalivuta (mkono unatetemeka, lakini sikio aliliona), akasema, "Siku tatu sijanywa kahawa kwa ajili yako? Na ni zimwi gani hilo la ajabu, linawaogopa wenye kusoma, linakuja kutuonea sisi?"

Nikamtekea maji, nikamkokea jiko, nikamnywesha kahawa yake mpaka mwisho. Kila nilipoinua kikombe nilikuwa naona kosa langu lilipo. Halikuwa kwenye suti. Suti ni aibu tu, aibu inapita, ukipata watu wa kucheka nao. Kosa lilikuwa kwenye kinga yenyewe: niliitunga nikaangalia wale inaowafunika, sikugeuka kuangalia ni nani imemwacha nje.

Bi Shani barua yake ilikuja mwezi uliofuata. Alipitia dukani, barua zinakofikia, akaichukua ikiwa imefungwa, mwenye duka kanyoosha mkono kama kawaida, Bi Shani akampita. Ilimchukua siku mbili kuisoma. Majirani walimzunguka, wakamuuliza, mwanao anasemaje, mkwe hajambo? Akawaambia, "Wanawasalimu." Na zaidi ya hapo mpaka leo hajamwambia mtu, hata mimi mwalimu wake. Pamba tunaisoma, tumefika kwenye palizi. Na mimi nimeapa, mkinisikia nimemvalisha zimwi nguo za mtu anayelipwa mshahara, nipokonyeni penseli.

Ila jioni ile ya kufuta milango, shangazi alikwenda msibani, nyumba ikawa tupu. Nilinawa mkaa mikononi, ukabaki kwenye kucha. Nikachonga penseli kwa wembe, nikafungua daftari pale Mlambadole anapofika kwenye mlango wa kwanza, nikaikata ile sentensi ya kinga kwa mstari mmoja. Pembeni, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa haba, nikaandika: mlango mmoja tu ukiwa na jina, mtaa mzima umelindwa.